Kupaa Si Kuondoka

Kuna maneno matatu ya Kiswahili ninayoyapenda barazani na ambayo ningeyaogopa angani: sawa, haya na nakuja. Sawa huweza kuwa "nimekubali", "nimesikia", "basi na yaishe", au hata "sema utakavyo, mimi nimekwisha kuamua". Haya ni kukubali, ni kuhimiza, ni kuanza jambo, na pengine ni kukata tamaa. Maana yake hukaa katika sauti ya msemaji, si katika neno lenyewe. Ama nakuja, hilo ndilo la ajabu zaidi. Mtu huinuka kitini, akavaa viatu vyake, akauelekea mlango, kisha akatuambia, "Nakuja." Nasi hatushangai. Twajua kwamba anakwenda, na kwamba atarudi.

Hakuna kosa lolote hapo. Twaelewana kwa sababu twaonana: jicho, mkono na mlango hukamilisha kile ambacho neno limekiacha. Mwongoza ndege hana bahati hiyo. Uso wa rubani hauoni, na penye ukungu, au mbali na kiwanja, hata ndege yenyewe haioni ila kama nukta katika kioo cha rada. Kati yao kuna sauti peke yake, tena sauti ipitayo katika wimbi moja la redio ambalo marubani wengine wanalitumia kwa zamu. Wawili wakisema kwa pamoja, husikika mlio tu.

Naandika haya kwa sababu kila ifikapo Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, hutokea miongoni mwetu wenye kutaka Kiswahili kiingie kila mahali, hata katika minara ya kuongozea ndege. Wito huo siupingi. Ninachopinga ni mpangilio wake. Twadai kupewa jukwaa ilhali hatujakubaliana maneno ya kusema tukishalipanda. Lugha ya anga haikuzaliwa ikiwa imenyooka. Ilinyooshwa na watu, neno baada ya neno, na mara kadhaa ilinyooshwa baada ya mazishi.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Kabla ndege ya abiria haijaondoka, mpango wa safari yake huwa umekwisha kuwafikia waongoza ndege: itokako, iendako, njia itakayofuata, ngazi ya juu inayoiomba. Mpango huo ni ombi. Haumpi rubani haki ya kusogea hata hatua moja. Kinachompa haki ni idhini, na idhini haiji kwa mkupuo mmoja. Huja vipande vipande, kila kipande kwa wakati wake, na mara nyingi kwa kinywa cha mtu mwingine. Kwanza huja idhini ya njia: utakwenda hadi mahali fulani, kwa kupitia alama hizi, utapanda hadi ngazi hii, na chombo chako cha kujitambulisha kwenye rada ukiwekee tarakimu nne zifuatazo. Kisha rubani hukubaliwa kusukumwa nyuma na kuwasha injini. Kisha huambiwa atembee ardhini kwa njia iliyotajwa na asimame wapi. Kisha huingia katika njia ya kurukia na kungoja. Na mwisho kabisa, ikisimama peke yake, mbali na nyingine zote, huja idhini ya kuiacha ardhi.

Ngazi nazo hazigawiwi kwa bahati nasibu. Kwa kanuni ya kawaida, safari za kuelekea mashariki hupewa ngazi witiri na za magharibi ngazi shufwa, ili wanaoelekeana wasikutane. Atokaye Dar es Salaam kwenda Nairobi huelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo kanuni humpeleka kwa shufwa na kumrudisha kwa witiri; tuseme futi 34,000 kwenda, 35,000 kurudi. Kati ya mbili hizo pana futi 1,000, yaani kama mita 300. Mwongoza ndege akitaka kumpandisha mmoja kuivuka ngazi ya mwenziwe, sharti kwanza awatenganishe kwa upande, na njiani, penye rada, kipimo cha kawaida ni maili 5 za baharini. Abiria anayesinzia dirishani hajui kwamba usalama wake ni hesabu inayofanywa na mtu aliyeketi chini, na kwamba hesabu hiyo humfikia rubani kwa maneno matupu.

Hivyo tunafika Tenerife, ambako maneno hayo yalishindwa.

Tarehe 27 Machi 1977 bomu lililipuka katika kiwanja cha ndege cha Gran Canaria, Visiwa vya Kanari. Ndege nyingi zikaelekezwa Los Rodeos, kiwanja kidogo katika kisiwa jirani cha Tenerife. Miongoni mwazo zilikuwamo Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi na moja ya Pan Am ya Marekani. Kiwanja kilifurika, ndege zilizoegeshwa zikaziba njia ya pembeni, na ikabidi wanaoondoka watembee juu ya njia ya kurukia yenyewe. Ukungu ukashuka. Mnara haukuwa na rada ya kuonyesha ardhini. KLM ikafika mwisho wa njia, ikageuka, ikasimama. Pan Am ilikuwa bado inatembea katika njia hiyo hiyo, ikiielekea.

Rubani msaidizi wa KLM akasema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba wako tayari kwa 'take-off', na kwamba wanangoja idhini ya safari. Mwongoza ndege akajibu lile la pili. Akatoa idhini ya njia: kinara cha redio cha kuelekea, ngazi ya kupanda, uelekeo wa kugeukia. Ndani ya idhini hiyo lilikuwamo neno 'take-off', kwa kuwa iliwaagiza wageuke kulia baada ya kuiacha ardhi. Rubani msaidizi akairudia idhini barabara, kisha mwishoni akaongeza maneno yake mwenyewe kwa Kiingereza: "we are now at take-off".

Watu wa lugha wameyajadili maneno hayo tangu siku ile. Aliyezoea Kiingereza angeweza kuelewa kwamba ndege iko mahali pa kurukia, inangoja. Lakini Mholanzi akitaka kusema kwamba kitendo kinaendelea hutumia kihusishi kinachokaribiana sana na hicho 'at', akakifuatisha kitenzi-jina. Huenda basi alichosema ni: sasa tunapaa. Na kweli magurudumu yalikuwa yamekwisha kuanza kuzunguka. Mnara ukajibu "OK", ukanyamaza kidogo, kisha ukawaambia wasubiri. Wakati huo huo Pan Am ikasema kwamba bado imo njiani. Sauti mbili zikagongana katika wimbi moja. Kilichofika vizuri katika chumba cha marubani wa KLM ni ile "OK"; kilichofuata kilifunikwa na mlio. Watu 583 walikufa. Waliookoka walikuwa 61, wote wa Pan Am.

Wachunguzi wa Hispania walisema chanzo cha msingi ni nahodha wa KLM kuanza kupaa bila ya idhini, nami sina hoja ya kuwapinga. Ila naomba msomaji atazame dawa iliyotolewa baadaye, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilikuwa dawa ya lugha. Neno 'take-off' lilifungiwa. Leo halitamkwi ila katika jambo moja: kutoa idhini ya kuiacha ardhi, au kuifuta idhini hiyo. Penginepo pote, hata pale ambapo ulimi unalitamani, husemwa 'departure'. Neno moja likapewa kazi moja, na kazi ile haikupewa neno jingine.

Sasa tuyaseme mazungumzo yale kwa Kiswahili tunachokitumia magazetini. "Tuko tayari kuruka, tunangoja ruhusa." "Mmeruhusiwa hadi kinara. Mkisharuka, geukeni kulia." "Sawa, tumeruhusiwa hadi kinara, sasa tunaruka." "Haya."

Msiba ni ule ule. Pengine wetu ungekuwa mkubwa zaidi, kwa sababu kuruka ni neno lenye kazi nyingi mno. Mtoto huruka kamba, msomaji huruka ukurasa, kunguru huruka, na ndege ya abiria huruka inapoiacha ardhi na huendelea kuruka saa nane nzima baadaye. Na ile -na- ya tunaruka haitusaidii. "Tunaondoka kesho," husema msafiri, na hakuna anayemuuliza mbona kesho imekuwa leo.

Lakini lugha yetu si maskini. Ni sisi tusioifungua kabati. Tunalo kupaa. Kupaa ni kwenda juu, si kukaa juu, na kwa hiyo lina mwanzo wake na mwisho wake. Najua kwamba mvuvi naye hupaa samaki wake kwa kisu, na kwamba paa ni mnyama na ni la nyumba, lakini hakuna rubani atakayeambiwa "idhini ya kupaa" akachukua kisu. Tunalo pia kuondoka, ambalo halisemi lolote kuhusu magurudumu. Basi tuseme: wako tayari kuondoka, baada ya kuondoka mgeuke kulia, njia ya kuondokea ni hii. Na kupaa tuliweke ndani ya sanduku, ufunguo wake awe nao mtu mmoja, katika sentensi moja.

Vivyo hivyo katika ruhusa, kibali na idhini. Nimesoma mara nyingi habari za ajali zisemazo kwamba ndege "ilikuwa imepewa ruhusa", na kila mara nimebaki na swali: ruhusa ya nini? Ya njia? Ya kuingia katika njia ya kurukia? Ya kupaa? Mwandishi haoni tofauti, na msomaji hawezi kuiona; lakini ni katika tofauti hiyo ndipo watu walipofia. Ruhusa ni neno pana na la nyumbani: mwanafunzi huomba ruhusa ya kutoka darasani, mfanyakazi huchukua ruhusa ya siku tatu. Kibali kimekwisha kuwa karatasi yenye muhuri. Idhini ina uzito wa mwenye mamlaka anayekubali jambo mahususi, na haipendezi kusimama bila ya "ya" nyuma yake. Idhini ya nini? Ya njia. Ya kupaa. Ya kutua. Hiyo "ya" ndiyo ninayoitaka.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya ufundi, hayafai ukumbi wa ushairi. Mimi naona hakuna ukumbi unaofaa zaidi. Anayehesabu mizani kwa vidole vyake anajua kwamba silabi moja ya ziada huharibu mshororo. Rubani wa KLM aliirudia idhini ya njia kwa ukamilifu. Kilicholeta shaka ni ile nyongeza ya mwisho, maneno yasiyokuwamo katika kile alichopewa. Mshairi wa mapokeo angeishtukia: mshororo umezidi.

Kurudia huko si kibwagizo. Kibwagizo hurudiwa kwa kuwa ni kitamu. Idhini hurudiwa ili ikaguliwe. Rubani husema alichosikia, si alichokielewa, na mwongoza ndege husikiliza tena kana kwamba hakuyasema yeye. Wazee wetu waliosomeshwa vyuoni, mwalimu akisoma nao wakirudia hadi herufi itoke mahali pake, wangeitambua desturi hii bila ya kufundishwa. Kilicho kigeni kwetu ni jambo jingine. Sisi tumelelewa katika sifa ya fumbo. Twasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atang'amua, na tunamstahi anayesema kidogo akaeleweka kwingi. Angani, mwerevu akianza kung'amua, hatari imekwisha kuingia. Asiyeelewa hakisii, huomba irudiwe. Na anayesema "nimepokea" hajasema "nitafanya". Hayo ni maneno mawili tofauti, na sawa yetu huyameza yote.

Tena kuna suala la adabu. Januari 25, 1990, ndege ya Avianca iliyotoka Kolombia iliwekwa ikizunguka kwa zaidi ya saa moja ikingoja zamu ya kutua New York, mafuta yakipungua. Marubani waliomba wapewe kipaumbele, wakasema mafuta yanawaishia, lakini lile neno la dharura ambalo lingewafungulia njia hawakulitamka. Kwa Kihispania, na kwa Kiswahili pia, mtu akiomba kipaumbele huona amekwisha kulia. Masikioni mwa waongoza ndege wenye shughuli nyingi lilikuwa ombi mojawapo. Injini zilizimika, na kati ya watu 158 wakafa 73. Wachunguzi wa Marekani waliwalaumu marubani kwa kutotangaza dharura, na wakataja pia kwamba hapakuwa na maneno ya pamoja, yanayoeleweka na wote, ya kueleza uchache wa mafuta.

Ninapousoma mkasa huo huwaza sisi. Tungesema: "Samahani, ndugu, tulikuwa tunaomba kama ingewezekana." Upole huo ni pambo letu na sitaki uondoke mitaani. Lakini idhini, tofauti na wengi wanavyodhani, si amri ya mfalme. Rubani anayeona kwamba haiwezekani kwa usalama hutakiwa aikatae, na neno lake la kuikatalia ni moja kavu, ambalo kwa Kiswahili ni "siwezi". Halina samahani. Halina shikamoo. Kijana akimwambia mzee hivyo nyumbani, mzee angekaa siku tatu hajala naye. Katika kamusi ya anga ninayoiota, "siwezi" lingekuwa miongoni mwa maneno ya kwanza, nalo lingefundishwa kwa sauti kubwa.

Bado hesabu. Waliotengeneza Kiingereza cha redio hawakuridhika na tarakimu walizorithi. Tatu, tano na tisa zao wakazibadilisha matamshi ili zisichanganyike penye mkwaruzo. Sisi tuna sita na tisa. Msomaji ayaseme kwa haraka, mdomo ukiwa karibu na feni: sita, tisa, sita, tisa. Konsonanti ni zile zile, zimebadilishana viti tu. Tatu na tano zinaanza sawa. Hata saa zetu zinatutega: saa tatu ya asubuhi kwa Kiswahili ni saa tisa kwa hesabu ya Kizungu, na kwa saa ya pamoja itumiwayo angani duniani kote ni saa sita. Tatu, tisa, sita, kwa dakika moja ile ile! Upande wa pili, silabi zetu huishia kwa irabu, jambo ambalo kwa maoni yangu lingezibeba vyema redioni. Kazi ipo, nayo haimalizwi na shauku ya kushangilia lugha.

Nikiulizwa kama kanuni inaturuhusu, jibu ni kwamba haitukatazi. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinasema mazungumzo ya redio yawe kwa lugha inayotumiwa kwa kawaida na kituo cha ardhini, au kwa Kiingereza. Na pale zinapopita safari za kimataifa, Kiingereza kiwepo kwa anayekiomba. Mlango haujafungwa. Lakini aliye ndani amewahi kuungua. Septemba 10, 1976, juu ya Zagreb katika iliyokuwa Yugoslavia, mwongoza ndege aliyezidiwa na kazi alizungumza na rubani wa nchi yake kwa lugha ya nyumbani katika sekunde za mwisho. Marubani wa British Airways waliokuwa wakija mbele hawakuweza kujua kinachosemwa. Watu 176 walikufa. Lugha ile haikuwa chanzo pekee, wala chanzo kikubwa, lakini wimbi la redio ni baraza: kila aliyemo husikiliza hata asiyoambiwa yeye, na husikiliza ili aishi.

Mwaka huo huo wa 1976, Wakanada waligombana vikali juu ya Kifaransa katika anga ya Quebec, hadi marubani wakagoma. Serikali iliunda tume. Tume ilichunguza, ikajaribu, na mwaka 1979 ikasema kwamba lugha mbili zinaweza kutumika kwa usalama. Kifaransa kiliingia. Lakini hakikuingia kwa hotuba. Kiliingia na orodha kamili ya maneno yake, kila tamko la Kiingereza likiwa na mwenzake aliyepimwa.

Orodha hiyo ndiyo ninayoidai, nami nadhani mahali pa kuanzia si mnara bali ni chumba cha habari, darasa la waongoza ndege, na taarifa ya ajali ambayo jamaa za marehemu wana haki ya kuisoma kwa lugha yao. BAKITA na BAKIZA wanao wataalamu wa istilahi. Mamlaka za usafiri wa anga za nchi zetu zinao watu wanaosema maneno haya kila siku kwa Kiingereza na kuyaeleza nyumbani kwa Kiswahili. Wakae meza moja. Mimi ningeweka mezani kupaa na kuondoka, idhini na "ya" yake, rudia, nimepokea, nitafanya, siwezi, na namna mpya ya kutamka ama sita ama tisa, yoyote itakayokubali kusogea. Mwenye neno bora kuliko haya na alilete, ila atuonyeshe pia ni maana gani nyingine neno hilo linabeba mitaani.